Nyigu mdogo aliyeokoa muhogo wa Kongo

GOMA – Katika nyumba nyingi za Goma siku haiishi bila muhogo. Asubuhi ni muhogo wa kuchemsha na chai kama iko, jioni ni bugali na sombe. Unga unaingia mjini kwa malori kutoka Rutshuru na kwa mashua za ziwa kutoka upande wa Minova na Kalehe. Jamaa zilizokimbia vita zinaujua unga huo vizuri kuliko wengine, maana pesa zikipungua, nyama inatoka kwenye sahani kwanza, samaki wanafuata, maharagi yanafuata, na muhogo ndio unabaki wa mwisho.

Wakaaji wengi hawajui kwamba miaka kama hamsini iliyopita zao hili lilikaribia kupotea katika nchi hii. Hatari ilianzia Kinshasa na Brazzaville, ikatambaa hadi ikafika karibu kila nchi ya Afrika inayolima muhogo. Haikuzuiwa na dawa ya kupuliza, wala na jeshi, wala na sheria. Ilizuiwa na nyigu mdogo, karibu sawa na punje ya ulezi, ambaye mtu anaweza kupita shambani maisha yake yote bila kumwona.

Hii ni historia ya nyigu huyo, ya wadudu waliokuja kabla yake, na ya sisimizi ambao hadi leo wanaharibu kazi ya namna hiyo. Ni habari ya wadudu tu. Katika Kivu kuna watu waliowahi kuwaita watu wengine wadudu, na matokeo yake yanajulikana. Yanayosemwa hapa yabaki shambani.

Muhogo ulivyofika, na mdudu aliyeufuata

Muhogo si zao la asili la Afrika. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Wareno waliuleta kwenye mdomo wa mto Kongo katika karne ya 16, na kutoka hapo ukapanda na mto, kijiji hadi kijiji, kwa mikono ya wakulima wenyewe. Wakati wa ukoloni Wabelgiji waliwalazimisha wakulima kuulima kama akiba ya njaa, kwa sababu unavumilia ukame, unakubali udongo uliochoka, na mizizi yake inaweza kukaa ardhini miezi mingi ikingoja mwenyewe. Sifa hiyo ya mwisho ndiyo inayoufanya kuwa zao la watu wa vita. Mtu anayekimbia hawezi kubeba shamba, lakini akirudi baada ya mwaka anaweza kukuta muhogo bado uko chini.

Kwa muda wa karne nyingi muhogo wa Afrika uliishi bila wadudu wake wakubwa wa kule ulikotoka. Bahari ilikuwa kama ukuta. Ukuta huo ulibomoka mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa kuwa mtu fulani alileta vipando, ni kusema vipande vya shina la muhogo vya kupanda, ambavyo havikukaguliwa. Mwaka wa 1973 wakulima wa karibu na Kinshasa na Brazzaville walianza kuona kitu kipya. Ncha za muhogo zilikuwa zimejikunja kama ngumi, majani yamesongamana, na juu yake kuna unga mweupe kama pamba iliyochanwa.

Unga ule ulikuwa mdudu. Wataalamu wa kilimo wa Tanzania humwita kidung'ata. Rangi ya mwili wake ni ya waridi, na nta nyeupe inamfunika. Mwaka wa 1977 Danièle Matile-Ferrero, mtaalamu wa wadudu kutoka Ufaransa, alimwandika kwa mara ya kwanza katika sayansi kwa jina la Phenacoccus manihoti. Ni kusema, wakati wakulima wa Kongo walipokuwa tayari wamepoteza mashamba kwa miaka minne, mdudu huyo hakuwa hata na jina.

Kidung'ata huyu anafyonza maji ya mmea, na mate yake yana sumu inayokunja ncha. Majani mapya hayafunguki. Shina linapinda na kuwa na vifundo vilivyokaribiana, kwa hiyo hata vipando vya msimu unaofuata vinakuwa vibaya. Mizizi inabaki myembamba. Katika mashamba yaliyopigwa vikali, hasara ilifika hadi asilimia 80 ya mizizi. Tena sombe, mboga ya kila siku, ilipotea kabla ya mizizi, kwa sababu mdudu huanzia pale pale mama anapochuma majani.

Kilichotisha zaidi ni namna anavyozaa. Wote ni majike. Hawahitaji dume. Jike mmoja anataga mayai mamia kadhaa, na kila yai linatoa jike mwingine. Upepo unabeba wachanga kutoka shamba moja hadi lingine, na mtu anawabeba mbali zaidi ndani ya mzigo wa vipando. Mvua kubwa inawaosha na kuwapunguza, lakini kiangazi kikirudi nao wanarudi. Katika miaka kama kumi na mitano walikuwa wameenea sehemu kubwa ya Afrika inayokula muhogo, nao waliotegemea muhogo walikaribia watu milioni 200.

Dawa ya kupuliza haikuwa jibu. Mkulima wa muhogo ndiye mkulima maskini kuliko wote, hana pampu wala pesa ya dawa. Nta ya mdudu inakinga dawa isimfikie. Na hata kama dawa ingefika, ingefika juu ya majani yale yale ambayo jioni yanatwangwa kuwa sombe.

Kahawa ya Kenya na nyigu wa upande wa Kivu

Mwezi wa Juni 1977 wataalamu wa nchi mbalimbali walikutana M'vuazi, kituo cha utafiti wa kilimo katika Bas-Zaïre, kuzungumza juu ya mdudu huyu peke yake. Njia moja iliyokuwa mezani ilikuwa ya zamani, nayo ilikuwa imekwisha jaribiwa katika Afrika ya Mashariki miaka arobaini kabla.

Mwaka wa 1923 kidung'ata mwingine alionekana kwenye kahawa upande wa Thika, Kenya. Alienea katika milima ya Wakikuyu, akaharibu kahawa ya walowezi pamoja na mazao ya chakula ya wenyeji. Serikali ya kikoloni ilidhani ni mdudu wa Asia, ikaagiza maadui zake kutoka huko. Walipoletwa, hawakumgusa. Kila mdudu wa namna hii ana adui wake maalumu, na kosa katika jina la mdudu ni kosa katika adui anayetafutwa. Miaka ilipita hivyo, pesa zikiliwa.

Mnamo 1935 mtaalamu R. H. Le Pelley alionyesha kwamba mdudu wa Kenya hakuwa yule wa Asia. Alikuwa aina ya pekee, na nyumbani kwake kulikuwa karibu tu, Uganda. Huko Uganda alikuwapo siku zote bila kuharibu chochote kikubwa, kwa sababu nyigu wadogo walikuwa wakimla. Nyigu hao walichukuliwa Uganda na kuachiliwa Kenya kuanzia 1938. Mmoja wa waliofanya kazi kubwa alikuwa wa karibu sana na nyigu anayeitwa kivuensis katika vitabu vya sayansi, jina linalomaanisha wa Kivu. Ndani ya miaka kama kumi tatizo lilikuwa limetulia. Hesabu iliyofanywa mwishoni mwa miaka ya 1950 ilisema Kenya iliokoa karibu pauni milioni 10 kwa gharama isiyozidi pauni 30,000.

Kenya iliacha mafundisho mawili. La kwanza, mdudu anayesumbua ugenini mara nyingi ametulizwa nyumbani kwake na maadui zake wa asili, kwa hiyo ni lazima kwenda nyumbani kwake kuwatafuta. La pili, ni lazima kujua kwanza nyumbani kwake ni wapi.

Safari ndefu hadi Paragwai

Mwaka wa 1979 kijana mmoja Mswisi, Hans Rudolf Herren, alifika Ibadan, Nijeria, kufanya kazi katika IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha nchi za joto. Kazi aliyopewa ilikuwa kumshinda kidung'ata wa muhogo. Hakuna aliyejua mdudu huyo alitoka sehemu gani ya Amerika, bara ambalo muhogo unalimwa kutoka Meksiko hadi kaskazini ya Argentina.

Utafutaji ulianzia upande wa kaskazini wa Amerika ya Kusini. Huko alipatikana mdudu aliyefanana sana na yule wa Afrika. Lakini alikuwa na madume, na yule wa Afrika hana. Maadui zake walipoletwa hawakufaa. Lilikuwa kosa la Kenya lililorudi katika bara lingine. Baadaye mdudu yule alitambuliwa kuwa aina nyingine, akapewa jina la Herren mwenyewe.

Mwaka wa 1981 Anthony Bellotti, mtaalamu wa wadudu wa kituo cha CIAT cha Kolombia, alimpata mdudu wenyewe katika mashamba ya Paragwai. Alikuwa mchache. Wakulima wa huko hawakumlalamikia, wengine hawakumjua. Na ndani ya miili ya wadudu hao wachache mlikuwa na sababu ya uchache wao, nyigu ambaye leo wanasayansi wanamwita Anagyrus lopezi.

Nyigu hawakupelekwa moja kwa moja Afrika. Walipita kwanza Uingereza na kufungiwa katika maabara ya karantini. Huko walichunguzwa kama wana magonjwa, kama wanabeba wadudu wengine ndani yao, na kama wanashambulia kitu kingine zaidi ya kidung'ata. Uingereza hailimi muhogo, kwa hiyo hata mmoja akitoroka asingepata pa kuishi. Baada ya hapo walipelekwa Ibadan, na mwezi wa Novemba 1981 waliachiliwa kwa mara ya kwanza katika mashamba ya Afrika.

Zaire nayo ilipokea nyigu mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kazi ilipita kwa mpango wa taifa wa muhogo, PRONAM, uliokuwa na makao yake M'vuazi. Kwa bara zima IITA ilijenga vyumba vya kuzalisha nyigu kwa wingi, na kwa sehemu zisizo na barabara ilitumia ndege ndogo iliyodondosha nyigu juu ya mashamba. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1980 kazi hiyo iliendelea kutoka kituo kipya karibu na Cotonou, Benin, pamoja na wataalamu kama Peter Neuenschwander, aliyefuatilia shamba kwa shamba ili kujua kama nyigu kweli ndiye anayepunguza mdudu au ni mvua tu.

Jibu lilikuwa wazi. Nyigu alikaa katika nchi zaidi ya 20. Penye nyigu, vidung'ata walishuka hadi mashamba mengi yakasahau kwamba waliwahi kuwapo. Mwaka wa 1988 mwanauchumi wa Marekani Richard Norgaard alikadiria kwamba kila dolari moja iliyotumika ilirudisha dolari 149. Mwaka wa 1995 Herren alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia.

Safari haikuishia Afrika. Mwaka wa 2008 kidung'ata huyo huyo alionekana Thailand, nchi inayouza muhogo mwingi duniani. Mwaka uliofuata nyigu walitumwa kutoka Benin. Afrika, iliyopokea nyigu kutoka Amerika, ikawa ndiyo inayowapeleka Asia.

Nyigu anavyofanya kazi

Nyigu jike anatembea juu ya majani ya muhogo akitafuta kidung'ata. Akimpata, anamgusa kwa vipapasio vyake, kama muuzaji anavyopima tomati kwa vidole. Wale wadogo sana anaweza kuwatoboa na kufyonza maji yao tu, na huko pia ni kuua. Mwenye ukubwa wa kutosha anamchoma na kutaga yai ndani ya mwili wake.

Yai linaanguliwa kuwa funza. Funza anakula kidung'ata kutoka ndani, polepole, hadi kinabaki ganda. Ganda hilo linakauka, linavimba kidogo, linakuwa la rangi ya kahawia. Baada ya siku chache nyigu mpya anatoboa tundu na kutoka. Mzunguko mzima unachukua kama majuma mawili au matatu, kufuatana na joto.

Mkulima mwenye macho makini anaweza kuliona jambo hili bila kioo cha kukuzia. Katikati ya vidung'ata weupe kunaonekana vipunje vya kahawia vilivyoshika kwenye jani, vingine vina tundu. Hizo ndizo dalili kwamba nyigu yuko shambani na kazi inaendelea.

Nyigu hamalizi vidung'ata wote. Angewamaliza, naye angekufa njaa. Wanabaki wachache, na nyigu wachache, wakifuatana mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo lengo la njia hii ni kumrudisha mdudu katika uchache aliokuwa nao nyumbani kwake, pale ambapo mkulima hahitaji kumfikiria.

Pale sisimizi wanapoingia

Katika historia hii kuna kiumbe mwingine ambaye kila mama wa Goma anamjua, kwa kuwa anamkuta ndani ya sukari. Sisimizi wanapenda vidung'ata. Mdudu anayefyonza maji ya mmea anatoa maji matamu nyuma yake, na sisimizi wanakuja kuyanywa. Kwa malipo ya utamu huo wanamlinda, na nyigu akikaribia kutaga wanamfukuza.

Kenya waliliona hili mapema. Kabla nyigu wa Uganda hawajafika, wenye kahawa walikuwa wakipaka mashina grisi ya kunata ili sisimizi wasipande. Ghana nako, majaribio yaliyochapishwa mwaka wa 1993 yalionyesha kwamba muhogo uliozuiliwa sisimizi ulikuwa na vidung'ata wengi zaidi walioingiliwa na nyigu kuliko muhogo ambao sisimizi waliachwa wakitembea.

Sisimizi wenyewe wanaweza kuwa wavamizi. Wa jamaa moja na wale wa kahawa ya Kenya ni sisimizi wa kichwa kikubwa, ambaye wataalamu wanadhani asili yake ni kisiwa cha Bahari ya Hindi na ambaye ameenea katika sehemu nyingi za dunia. Katika Laikipia, Kenya, ameingia katika mbuga na kuua sisimizi wa kienyeji waliokuwa wakilinda miti ya migunga dhidi ya tembo. Utafiti ulioongozwa na Douglas Kamaru, uliochapishwa Januari 2024, ulieleza kilichofuata. Tembo walivunja miti, mbuga ikawa wazi, simba wakakosa pa kujificha, na wakaua punda milia wachache kuliko zamani. Wakageukia nyati. Sisimizi wa milimita chache alibadilisha chakula cha simba.

Je, sisimizi mvamizi naye anaweza kupata adui kama kidung'ata alivyopata? Marekani imejaribu kwa muda mrefu. Sisimizi wa moto kutoka Amerika ya Kusini aliingia bandari ya Mobile, Alabama, katika miaka ya 1930. Toka mwisho wa miaka ya 1950 serikali ilimwaga sumu juu ya maeneo makubwa, ikaua ndege na samaki, na sisimizi akaendelea kuenea. Mwaka wa 1997, Florida, watafiti wa Idara ya Kilimo waliachilia nzi wadogo waliotolewa Amerika ya Kusini, nao safari hii wakakaa. Nzi jike anamchoma sisimizi na kumwachia yai moja. Funza anahamia kichwani, anakula kilichomo, na mwishowe kichwa kinaanguka. Nzi mpya anakua ndani ya kichwa hicho kilichokatika, kama mtoto ndani ya kibuyu.

Hata hivyo nzi hawakumaliza sisimizi wa moto. Kundi moja la sisimizi lina maelfu mengi ya wafanyakazi, na nzi anaua mmoja mmoja, wakati malkia amejificha chini ya ardhi. Faida kubwa ya nzi ni hofu. Sisimizi wakimwona wanajificha na kuacha kutafuta chakula, na hapo sisimizi wa kienyeji wanapata nafasi. Kwa yule wa kichwa kikubwa, hakuna adui wa asili aliyeachiliwa Laikipia. Kidung'ata anakaa wazi juu ya jani, kila mmoja peke yake, na nyigu anamfikia. Sisimizi wana mji, askari na malkia. Ndiyo sababu njia ile ile iliyookoa muhogo inakwenda polepole kwa sisimizi.

Mipaka ya nyigu

Nyigu wa muhogo naye ana mipaka yake. Katika udongo wa mchanga uliochoka sana, muhogo unakuwa dhaifu na vidung'ata wake wanabaki wadogo. Nyigu akitaga ndani ya kidung'ata mdogo, mara nyingi kinachotoka ni nyigu dume, na dume hatagi. Kwa hiyo katika mashamba ya namna hiyo nyigu walipungua, na wadudu wakaendelea. Kufunika udongo kwa majani makavu kulisaidia, kwa sababu mmea wenye nguvu unakuza kidung'ata mkubwa, na kidung'ata mkubwa anazaa nyigu jike. Rutuba ya udongo ni sehemu ya dawa.

Pia nyigu hahusiki na magonjwa ya virusi. Mozaiki inayofanya majani yawe na madoa ya njano na kujikunja, na michirizi ya kahawia inayooza mizizi kutoka ndani, zote zinaenezwa na nzi weupe na kwa vipando vyenye ugonjwa. Mkulima anayeona mizizi yake imeoza ndani asimtafute kidung'ata wala asingoje nyigu. Hapo jibu ni mbegu safi.

Na nyigu anakufa kwa dawa kwa urahisi kuliko mdudu anayemlinda mkulima dhidi yake. Kidung'ata ana nta, nyigu hana. Mkulima anayepuliza tomati au kabichi kando ya muhogo, upepo ukibeba dawa upande wa pili, anaweza kuua nyigu na kuacha vidung'ata. Majuma machache baadaye anaona muhogo umejaa weupe na anadhani dawa ilikuwa kidogo.

Kwa wanaorudi shambani

Mwanzoni mwa mwaka wa 2025 kambi nyingi za kandokando ya Goma zilibomolewa, na maelfu ya jamaa zilibeba vitu vyao kuelekea Masisi, Rutshuru na Nyiragongo. Wengi walikuta mashamba yamekuwa kichaka. Katika sehemu zisizo na baridi kali, muhogo ni moja ya mazao ya kwanza kurudi ardhini, kwa kuwa hauhitaji mbegu ya kununua. Jirani akikata shina lake, anaweza kugawia nyumba nyingi.

Ni hapo historia ya 1973 inapogusa maisha ya leo. Kidung'ata hakuvuka bahari kwa mabawa yake, alivuka ndani ya vipando. Mzigo wa mashina unaotoka kijiji kimoja kwenda kingine, au unaovuka mpaka kwenye kichwa cha mtu, unaweza kubeba wadudu na virusi ambavyo kijiji kinachopokea hakikuwa navyo. Mwenye kukata vipando anaweza kufanya mambo rahisi. Achague mimea ambayo majani yake yamefunguka vizuri na hayana madoa. Aache shina lililopinda lenye vifundo vilivyokaribiana. Aangalie kwenye macho ya shina kama kuna unga mweupe. Na kama katika shamba kuna vipunje vya kahawia kati ya weupe, asikimbilie dawa.

Katika miaka ya 1990 Zaire ilivunjika. Barabara ziliharibika, vituo vya utafiti viliporwa, watafiti na maagronomu walikaa miezi bila mshahara, kisha vikaja vita vya 1996 na vya 1998. Mpango wowote uliotegemea dawa za kila msimu, lori la kuzisambaza na ofisi ya kuzigawa ungekufa wakati huo. Nyigu hakuhitaji kimoja kati ya hivyo. Popote alipokuwa amekwisha kukaa, aliendelea kutafuta vidung'ata chini ya majani, katika mashamba yaliyokuwa na wenyewe na katika yale ambayo wenyewe walikuwa wamekimbia, na muhogo uliobaki ardhini ulikuwa bado muhogo siku waliporudi kuuchimba.